Vigae vya Genoveva

Kilimani kwa kina Genoveva, upande wa Rulenge unaotazama bonde, chungu kikivunjika hakitupwi jalalani. Mwenye chungu huokota vigae vyote, hata vile vilivyorukia chini ya kitanda, huvitia kwenye kikapu na kuvipeleka kwa mfinyanzi aliyekifinyanga. Na akifika hawezi kuvimwaga uani akaondoka zake. Anapewa kigoda, anamiminiwa pombe ya ndizi au, akiwa hanywi, togwa, kisha anaeleza chungu kilivunjikaje. Mfinyanzi anasikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo vigae huhesabiwa kuwa vimepokewa.

Kwa njia hiyo Genoveva, mfinyanzi wa kilima kile, alijua mambo ya watu wote bila kutoka kwake. Chungu hakivunjiki hivi hivi. Kuna aliyekirusha kwa hasira, kuna aliyeshtuka kusikia sauti ya mkwewe mlangoni, kuna binti aliyekuwa anachungulia barabarani badala ya kutazama moto. Mtu akisimulia chungu chake anasimulia na nyumba yake, atake asitake. Genoveva alitikisa kichwa, akaongeza pombe, na mengi aliyoyasikia yaliishia pale pale uani. Si yote, alikuwa binadamu.

Mgeni akishaondoka ndipo kazi ilianza. Genoveva alivitwanga vigae mpaka vikawa chenga, akazichanganya na udongo mbichi wa bondeni. Mtu asiyejua ufinyanzi atashangaa kwa nini udongo mzuri kama ule, mweusi na laini, utiwe takataka. Mama yake, Domisiana, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, alimweleza tangu akiwa msichana. Chungu kikiwa motoni kinatanuka, na hakitanuki sawasawa, maana kitako kiko kwenye makaa na mdomo uko kwenye upepo. Hapo lazima nyufa zizaliwe, ndogo ndogo, za kutoonekana. Katika udongo mtupu ufa ukishaanza hauna wa kuuzuia; unapasua kutoka mdomoni hadi kitakoni kwa mkupuo mmoja. Lakini ukikutana na chenga ya kigae unalazimika kuizunguka, nguvu zinapungua, unafia hapo.

"Ufa ni mtu mwenye haraka," Domisiana alikuwa akisema. "Mpitishe porini, atafika leo hii. Mpitishe sokoni, kila hatua atasalimiwa, jua litatua hajafika. Basi wewe jaza soko."

Mchanga wa mtoni haukufaa. Ukiingia motoni unavimba kuliko udongo na kuzisukuma kuta za chungu kutoka ndani. Vigae vilikwisha kupita motoni, kuvimba kwao kulikwisha, havikuwa na fujo tena. Kwa hiyo chungu cha Genoveva kilikuwa na ngozi ya kukwaruza, ukikigonga kilitoa sauti nzito isiyopendeza, na ndani kilijaa vinyufa visivyojua pa kwenda. Chungu cha namna hiyo kilipikiwa maharage mpaka aliyekinunua akazeeka.

Mumewe, Bartholomayo, alifariki mtoto wao wa pekee akiwa shuleni. Mtoto huyo, Evaristi, alipokua alikwenda Mwanza kutafuta maisha, akayapata au hakuyapata, hakuna ajuaye. Alituma salamu kwa watu, na watu wakazichelewesha. Genoveva hakulalamika sana wakati ule. Alikuwa na kigoda chake cha wageni, na kigoda kile hakikuwa kinapoa.

Kisha wakaja wakimbizi, Wanyarwanda na Warundi. Vilima vilivyokuwa na miti vikavaa maturubai ya bluu, kuni zikawa shida, na sokoni zikajaa sufuria, madebe ya mafuta na ndoo za plastiki zilizotoka kambini kwa njia za wazi na za uchochoro. Wenyeji wakanunua sufuria. Nani angekataa? Sufuria ni nyepesi, inang'aa, na ikianguka inabonyea tu. Unaigonga kwa jiwe, inarudi kazini. Bati lina tabia hiyo ya kukubali kupigwa na kunyamaza. Wala sijasikia mtu aliyebeba sufuria iliyobonyea akaipeleka mahali ili asimulie ilivyobonyea.

Hivyo vigae vikaadimika, na watu wakaadimika navyo. Jumapili baada ya misa walimsalimu vizuri, "Shikamoo Mama Evaristi, za huko?", naye akajibu, "Marahaba, nzuri," wakapitiliza. Hakuna aliyemchukia. Ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kupinda njia. Genoveva alianza kuzungumza na udongo wake, na siku moja alijikuta amejimiminia pombe vikombe viwili. Alikaa akikitazama kile cha pili mpaka inzi wakaingia. Aliona uchungu, akakimwaga.

Niyonkuru alimjia katika kipindi hicho. Alikuwa Mrundi, mwanamke wa makamo, mjane kwa sababu zile walizokuwa nazo wajane wengi wa kambini, na Kirundi chake na Kihangaza cha Genoveva vilielewana bila mkalimani. Alitaka chungu. Mahindi ya mgao yalikuwa magumu, alisema, sufuria inayachoma bila kuyaivisha. Chungu kikishapata moto kinaushika, uongeze kuni usiongeze. Hakuwa na fedha. Wakakubaliana amlimie.

Chungu hakiharakishwi. Kinafinyangwa kwa awamu, kinakaushwa kivulini polepole, ndipo kinachomwa. Kwa muda wote huo Niyonkuru alikuja na jembe, akalima, na jua lilipokuwa kali wakakaa pamoja uani. Walicheka mambo ya kipuuzi. Walinyamaza pamoja pia, na kunyamaza na mtu ni jambo ambalo Genoveva alikuwa amelisahau ladha yake. Siku moja akaja mama wa jirani na kikapu cha vigae, akaketishwa, akanyweshwa, akasimulia. Alipoondoka Niyonkuru akauliza ile ni nini.

"Ndiyo desturi yetu," Genoveva alisema, na akajisikia fahari. "Hapa kwangu mtu haji kuomba pombe. Anakuja na vigae, anakaa kwa haki yake."

"Na asiye na vigae?"

"Atafuata nini?" Genoveva akacheka.

Niyonkuru naye akacheka. Chungu kilipoiva alikigonga, kikatoa ile sauti yake nzito, akakipokea kwa mikono miwili na kujitwika. Genoveva alimsindikiza hadi njia panda. Alirudi nyumbani akijihesabia kuwa amepata rafiki.

Mvua zilikuja, zikaisha, zikaja tena. Niyonkuru hakuonekana. Wanyarwanda walirudishwa kwao, Warundi wakabaki, Genoveva akaota mvi, na kila aliposikia hatua njiani alikuwa ananyanyua kichwa. Mwanzoni alijiambia kuwa kambi iko mbali, mwendo wa tangu alfajiri hadi jua la utosi. Baadaye alijiambia neno lingine, na hilo lilimkaa: chungu ni kizima, atakuja kufanya nini? Alikuwa amemfinyangia kizuri mno.

Sasa sikiliza jambo lilivyoanza, maana halikuanza kwa ubaya. Limi, mke wa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kule chini bondeni, aliagiza chungu, na Genoveva hakuwa na vigae vya kutosha. Alitia vichache alivyokuwa navyo na kuuchekecha udongo vizuri kufidia. Chungu kilitoka cha ajabu. Kilikuwa laini, chembamba, kinang'aa kwa kusuguliwa na kokoto, na ukikigonga kinalia kama kengele ya misheni. Limi alikipenda mpaka akawaita wenzake wakione. Haukupita muda akarudi na vigae.

"Kosa langu, mama," Limi alisema akikaa kwenye kigoda. "Nilikiweka motoni kikiwa kikavu, maji nikatia baadaye. Mimi na haraka zangu."

Halikuwa kosa lake. Genoveva alilijua hilo kabla kikapu hakijatua chini; alitazama kigae kimoja akaona kimepasuka kwa mstari ulionyooka, ufa ambao haukuwa umesalimiwa na mtu. Mdomo ulimfunguka ili aseme. Lakini Limi alikuwa ameshapokea kikombe, ameshaanza kusimulia ya mumewe na ng'ombe waliopotea upande wa Nyakahura, na alikuwa msimuliaji mzuri. Walikaa mpaka jua likashuka. Genoveva akameza neno lake.

Kilichofuata alikifanya akijua. Wanawake walitaka vyungu kama kile cha Limi, laini na vyenye mlio, nao waliviona vya fahari kuliko sufuria. Genoveva akanunua chekeche la matundu madogo. Akautoa udongo kila chenga na kila kijiwe, akaacha unga mtupu, na vigae vilivyoletwa akavirundika nyuma ya nyumba bila kuvitwanga. Wanawake walivinunua vyungu hivyo, vikapasuka, wakaja navyo wakijilaumu: mmoja alisema ni moto mkali, mwingine ni mtoto, mwingine ni mkosi wa nyumba. Genoveva aliwapa pole. Ua ukarudi kuwa na sauti za watu. Akikoroga togwa asubuhi alikuwa anaimba, na ukimwona hungesema anaumwa na kitu. Alikuwa anaumwa, lakini alikuwa ameamua kuwa huo si ugonjwa mkubwa kama ule wa kikombe cha pili.

Ndipo Niyonkuru alipotokea tena njiani. Alikuwa amekonda, kitambaa kichwani, na mgongoni amembeba mjukuu aliyeitwa Ineza, katoto kanakoanza kutambaa. Genoveva alisahau umri wake, akatoka mbio kumpokea.

"Chungu changu?" aliuliza kabla ya yote. "Kimevunjika?"

"Hapana mama, kizima kabisa," Niyonkuru alisema, kama anayeomba radhi. "Nataka kingine. Binti yangu amepata huyu mtoto, na nyumba imekuwa kubwa."

Walikaa pamoja kutwa nzima. Ineza alitambaa uani akitia udongo mdomoni, nao wakamwacha ale, wakasema utamkomaza. Niyonkuru alirudi siku ya kukichukua, akakaa tena, na alipoondoka alisimama kwenye uzio kwa muda kama mtu aliyesahau kitu. Kisha akaenda.

Na chungu kile, Genoveva alikuwa amekifinyangaje? Nisingependa kusema, lakini ndiyo habari yenyewe. Aliuchekecha udongo wake mara mbili. Hakutia hata chenga moja. Alifanya kizuri kuliko vyote alivyopata kufanya, chenye mdomo mwembamba na mistari shingoni, kwa sababu alimpenda Niyonkuru kuliko wengine wote, na kwa sababu hiyo hiyo alitaka kipasuke mapema. Safari hii hakutaka kungoja mpaka mvi ziishiwe nafasi kichwani. Alikuwa anahesabu kwamba kabla ya mvua rafiki yake atakuwa amerudi na kikapu.

Aliyemwamsha ni Limi, bila kujua. Alikuja na vigae vya chungu chake cha pili, akaketi, akasimulia akicheka jinsi uji uliokuwa unatokota ulivyomwagika kwa mpigo na kupita karibu na mguu wa mwanawe, ukaunguza mkeka tu. "Mungu yupo, mama," alisema Limi. "Na mimi sijui kutunza vyombo." Genoveva alitazama mikono yake yenye udongo mkavu. Akilini aliona Ineza akitambaa kuelekea mafiga. Limi aliendelea kucheka, yeye akasema tumbo linamuuma, akaingia ndani.

Kesho yake alivitwanga vigae. Alitwanga rundo lote lililokuwa nyuma ya nyumba mpaka viganja vikamtoka malengelenge, akafinyanga chungu kwa ajili ya Niyonkuru, kinene, cha kukwaruza, cha sauti mbaya. Mtu mwingine angekimbia siku ile ile kambini kwenda kusema: usikiweke motoni. Genoveva hakuweza. Aliona aibu kufika mikono mitupu na neno kama lile. Angalau awe na chungu kizuri kichwani, amkabidhi, kisha aseme, au asiseme, achukue tu kile kibaya na kurudi nacho. Basi akangoja chungu kikauke. Mawingu yalikaa siku nyingi kuliko kawaida, na kila asubuhi alikigusa kitako akikuta bado kina ubaridi wa maji. Alikaa hapo uani akiwa na hofu, na wageni walipokuja na vigae vyao hakusikia waliyosimulia.

Kilipoiva alijitwika, akatoka alfajiri. Alikuwa hajawahi kufika kambini miaka yote ile. Alishangaa ilivyokwisha kuwa kijiji, kuta za udongo, bustani za mboga, kina mama wanasuka. Lakini nyumba nyingi zilikuwa zimeezuliwa, na watu walikuwa wanafunga mizigo. Aliuliza kwa Niyonkuru, akaelekezwa kwenye kuta zisizo na paa. Jirani, mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Priscila, alikuwa anakunja turubai.

"Ameshaondoka, mama. Malori ya kurudi kwetu yaliwachukua watu wa Giteranyi juma lililopita. Sisi wa Ruyigi tunangoja zamu."

Genoveva alikitua chungu. "Na chungu chake?"

"Kile kizuri?" Priscila akatabasamu. "Alikipakata njia nzima ya kwenda kwenye lori, amekifunga kwa blanketi. Hakukipikia hata siku moja. Alisema atakitia moto akifika kwao, kiwe cha kwanza kupikiwa kwenye nyumba mpya."

"Kuna mtu anayekwenda Giteranyi?"

"Wamekwisha wote."

"Sikiliza, mwanangu. Ukimwona mtu yeyote wa Giteranyi, huko mbele ya safari, amwambie Niyonkuru asikipikie. Aweke nafaka humo, aweke chochote, ila moto hapana."

"Kwa nini?"

Genoveva hakuwa amekuja kulisema kwa mtu asiyemjua, mbele ya watu wanaopita na mizigo. Lakini wa kumwambia hakuwepo tena. "Nilikifinyanga kipasuke," alisema. "Makusudi."

Priscila aliacha kukunja turubai. "Ili iweje?"

"Ili alete vigae. Ili arudi."

Priscila alimtazama. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka mambo yalivyofuatana.

"Wewe ndiye yule mama wa Rulenge," alisema mwishowe. "Miaka yote Niyonkuru alikuwa anakutaja. Msimu wa karanga alikuwa anasema, nimpelekee karanga yule mama. Mimi namwambia nenda. Anasema, nitaendaje na chungu changu ni kizima? Kwake mtu huenda na vigae. Nikienda hivi hivi watasema mkimbizi amefuata pombe." Akaendelea kukunja. "Kipo hicho cha zamani, aliniachia mimi, hata ufa hakina. Cha pili hakukihitaji, mama. Binti yake ana sufuria. Alikiagiza apate njia ya kuja kwako."

Genoveva alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Alitaka kusema kwamba angemkaribisha hata angekuja na mikono mitupu, hata angekuja kila siku, kwamba lile la vigae lilikuwa neno la kuchekesha tu la siku ile. Alifikiria uji utakavyomwagika huko Giteranyi, mvua zikishaanza, na Niyonkuru akiokota vigae chini ya kitanda na kumweleza mjukuu wake kuwa ni yeye mwenyewe asiyejua kutunza vyombo, kwamba mama aliyekifinyanga hakuwa na kosa.

Priscila alimletea maji kwenye kikombe cha bati, akamngoja anywe, kwa sababu turubai lilikuwa limebaki upande mmoja na alihitaji mtu wa kumshikia pembe.